Wanja wa Miza

Ukitaka kumchosha Miza binti Sleiman, muulize analia nini. Miaka minne alikuwa anaulizwa hivyo kila siku ya Mungu: na muuza mkaa, na mwalimu wa madrasa, na watoto wa jirani, hata na yule mgonjwa wa akili wa pale sokoni mtaani kwetu Buyenzi ambaye mwenyewe hulia bila sababu. Nani kafa, mume kakufanya nini. Mume, jamani, alikuwa kaburini mwaka wa tisa, na alipokufa Miza alimlia siku zake akamaliza. Haya maji ya sasa hayakuwa kilio. Yalishuka tu, asubuhi kwa upepo, mchana kwa moshi wa jiko, jioni bila sababu yoyote, na nyuma ya maji yale macho yaliwaka kana kwamba mtu kayatia mchanga. Mwanzo alijibu watu kwa upole. Mwaka wa pili akajibu kwa mkato. Kufikia mwaka wa nne alikuwa hajibu tena, anajifuta kwa ncha ya mtandio na kupita zake, na watu wakasema Miza kaanza majivuno.

Na kazi yake, hapo ndipo palipokuwa na balaa, ilikuwa ni macho ya watu. Miza alikuwa mpambaji wa maharusi. Hina wanaijua wengi, nywele siku hizi kila msichana anajua kuzisuka, lakini wanja wa bibi harusi pale Buyenzi ulikuwa wa Miza, na asiyejua hilo basi ni mgeni.

Zamani wanja mzuri uliletwa na wafanyabiashara wa Oman, katika vichupa vya shaba. Kisha mwaka wa tisini na sita nchi jirani zikatufungia mipaka kwa ajili ya mapinduzi, maduka yakabaki rafu tupu, sukari ikawa kitu cha kusimuliana, nani angekumbuka wanja? Miza alikumbuka. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, mikono inamwasha kwa kutaka kazi. Akawasha utambi wa pamba kwenye mafuta ya mawese, akafunika kwa sahani ya udongo, akakwangua masizi. Bibi yake alifanya vivyo hivyo, hapo hapakuwa na jipya. Jipya lilikuwa lile aliloongeza yeye: nta ya nyuki, aliyoinunua kwa mama mmoja wa Kinama, na mafuta ya mgando kidogo, akaviyeyusha pamoja mpaka vikawa kitu kizito cheusi kinachoshika.

Maana maharusi wa Buyenzi wanalia. Siku ya kuagwa kwao bibi harusi asipolia watu wananong'ona, na akilia, wanja wa zamani ulikuwa unateremka mpaka kidevuni na picha zote zinaharibika. Wanja wa Miza haukuteremka. Aliupaka ndani kabisa, juu ya ule ukingo wenye majimaji ambapo kope linakutana na jicho, mahali ambapo wapambaji wengine waliogopa kugusa. Bibi harusi alilia akatosheka, na mstari ukabaki palepale ulipochorwa. Hilo ndilo lililompa jina. Walimfuata kutoka Kinama, kutoka Kanyosha, hata Wakristo wakamwita wapambiwe mabinti zao kabla ya kwenda kanisani, na kwa miaka ishirini na nane hakumwambia mtu kwamba siri yake ni nta.

Mwaka huu binti yake wa pekee, Ruqaya, alizaa mtoto wa kike. Mume wake Ruqaya, Tajudini, kijana mpole mwenye duka la vitambaa, akasema mtoto aitwe Miza kama bibi yake. Kwa hiyo bibi na mjukuu wakawa masomo, watu wa jina moja, na Miza hakumwita mtoto yule kwa jina lingine zaidi ya hilo: Somo. Somo kalala, Somo kaamka, Somo leo kanicheka. Na katika ukoo wao mtoto wa kike hupakwa wanja wa kwanza siku ya arobaini, mbele ya wanawake wote, kwa mkono wa bibi mzaa mama. Ruqaya alipakwa hivyo. Miza mwenyewe alipakwa hivyo.

Arobaini ya Somo ilikuwa Jumapili. Miza aliomba kitu kimoja tu, macho yamwache kwa nusu saa Jumapili hiyo, apake mistari miwili iliyonyooka kwenye macho ya somo yake, halafu yaendelee na mambo yao. Maana mwezi uliotangulia alikuwa amempaka bibi harusi mmoja mstari uliopinda, na wenyewe walinyamaza kwa heshima. Heshima hiyo ilimuuma kuliko matusi.

Dawa alikuwa ametia za kila rangi. Farmasi ya kwanza ilimpa za matone meupe, ya pili za njano, ya tatu zenye kizibo chekundu ambazo zilimpa nafuu wiki moja na kumrudishia maumivu mara mbili. Alinawa kwa chai ya rangi iliyopoa. Alisomewa. Alinunua miwani, na miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Kisha mteja mmoja akamwambia kuna kliniki Rohero imepata mashine mpya inayopiga picha ndani ya kope, haigusi wala haiumizi, na daktari wake ni mwanamke. Miza alikuwa amechoka kiasi cha kukubali chochote.

Sasa angekwenda na nani? Esansi haikuwepo mjini wiki ya tatu, magari yamelala kwenye foleni za vituo vya mafuta, na Miza kwa macho yale hawezi kuvuka barabara peke yake. Ruqaya akasema atampeleka. Miza akakataa, siku ya thelathini na saba mzazi hatoki nje, mama mkwe wako akisikia tutaficha wapi nyuso zetu? Ruqaya akavaa nikabu na kuuliza nani atamjua. Tajudini akabaki na mtoto, maziwa kwenye kikombe, kijiko, na hofu tele. Wakapita njia za nyuma kwa miguu, Alhamisi asubuhi, binti kamshika mama kiwiko, na kwa sababu ya upepo wa ziwani Miza alifika kliniki akiwa amelowa uso mzima. Mlinzi wa mlangoni akampa pole ya msiba.

Daktari aliitwa Spès, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mafua, naye alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Kanyosha na viatu vyake vilikuwa pembeni ya meza vikipumzika. Alimsikiliza Miza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amelifanya kwa miaka minne. Kisha akamkalisha mbele ya mashine, kidevu kwenye kibao, paji la uso kwenye mkanda, akamwambia atazame taa ya buluu na asipepese. Pembeni kwenye kioo cha kompyuta Ruqaya aliliona jicho la mama yake, kubwa kama sahani, na juu yake miduara ya mwanga imejipanga. Daktari akaanza kuhesabu. Kabla hajafika nne, miduara ilikatika, ikapinda, ikawa kama uzi uliofumuka.

Jicho zima, daktari akaeleza, linaweza kungoja sekunde kumi na zaidi kabla miduara haijaharibika. La Miza sekunde tatu.

"Macho yako ni makavu, mama," alisema.

Miza akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Makavu? Na haya yanayonishuka ni nini, mate?"

Daktari hakukasirika, pengine alikuwa ameshaulizwa. Akamweleza kwa lugha ya jikoni. Juu ya jicho kuna maji, na juu ya maji kuna mafuta membamba sana yanayoyafunika yasikauke. Mafuta yakikosekana, maji yanakauka haraka, jicho linaachwa wazi na kuanza kuwaka. Likishawaka linaomba msaada, na machozi yanamwagwa kwa wingi, lakini ni maji matupu, hayakai, yanaishia shavuni. Kwa hiyo alikuwa analia kwa sababu ya ukavu. Miaka minne watu walimuuliza sababu, na sababu yenyewe ndiyo hii.

Kisha akafanyiwa ile picha nyingine. Daktari akamgeuza kope kwa kijiti cha pamba, polepole, akawasha taa isiyoonekana kwa macho ya mtu, na kwenye kioo ikatokea picha ya kijivu. Kwanza alimwonyesha picha ya mtu mwenye afya: ndani ya kope kulikuwa na mistari myeupe imesimama bega kwa bega, kama meno ya chanuo. Hivyo ni vitezi, akasema, ndivyo vinavyotoa yale mafuta. Halafu akaweka ya Miza. Chanuo lile lilikuwa la kuokotwa jalalani. Meno manne yamebaki upande mmoja, mengine vipande, na katikati patupu, hakuna kitu.

Miza akauliza kama vitaota tena. Daktari alisema apana, vilivyokufa havirudi, watavitunza vilivyobaki. Akauliza nini kimevila. Daktari akataja umri, na mwili wa mwanamke unapobadilika, na moshi, na zile dawa za vizibo vyekundu. Kisha akauliza anapaka nini machoni.

Hapo Miza alijinyoosha. "Wanja," alisema. "Wa mukono yangu."

Huo wanja una nini ndani yake, daktari akataka kujua, na Miza, ambaye hakumwambia hata marehemu mumewe, alimwambia: masizi, mafuta ya mgando, nta. Akamwonyesha na mahali anapoupaka. Daktari akaacha kuandika. Akavaa glovu, akaubonyeza ukingo wa kope la Miza kwa kijiti, kwa nguvu kidogo, na kwenye kioo wote watatu wakaona. Kwenye mstari uleule wa wanja kulikuwa na vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano, milango ya vile vitezi. Katika jicho la afya hapo hutoka mafuta mepesi, safi kama maji. Kwa Miza kilitoka kitu kizito kama dawa ya meno, na ndani yake punje nyeusi.

"Picha inaonyesha kilichokufa, haionyeshi aliyekiua," daktari alisema. "Siwezi kukuambia ni wanja peke yake."

Lakini Miza alikuwa ameiona ile punje. Angeitambua popote, aliipika mwenyewe.

Ingeishia hapo angerudi nyumbani na huzuni ya mtu mmoja, na huzuni ya mtu mmoja inabebeka. Lakini daktari, kwa nia njema kabisa, alimgeukia Ruqaya. Mashine ilikuwa bado mpya, akasema, na anakusanya picha za macho ya vijana wazima ili wagonjwa waone tofauti. Je, dada ana dakika tano? Ruqaya akafungua nikabu akakaa, anacheka, anauliza kama atatokea mzuri. Ana miaka ishirini na mitano na hajawahi kulalamika jicho.

Miza alikuwa anajifuta uso aliposikia kicheko cha binti yake kimekatika. Alipoinua macho aliona chanuo jingine. Lilikuwa na meno, ndiyo, lakini nusu yake yalikuwa mafupi, na upande wa pua kulikuwa na pengo la upana wa kidole.

"Mi sisikii kitu machoni," Ruqaya alisema.

"Bado," daktari alisema. Akamuuliza kama jioni akishika simu macho yanachoka. Ruqaya akafikiri, akasema ndiyo, lakini si wote wanachoka? Akamuuliza ameanza lini kupaka wanja. Ruqaya aliinuka kwenye kiti. Alimtazama mama yake, akashusha nikabu.

Walirudi kwa njia zilezile za nyuma. Ruqaya alimshika mama yake kiwiko kama walivyokuja, kwenye mitaro alimwambia "taratibu", na zaidi ya hilo hakusema neno. Ijumaa akasema "ndiyo mama" na "apana mama". Jumamosi vilevile. Hakumgombeza, na ndicho kilichomtesa Miza, maana angegombezwa angejitetea. Angesema hakujua. Angesema alimpenda, alitaka macho yake yawe mazuri kuliko ya mabinti wote wa mtaa, ndiyo sababu alianza naye mapema na kumpaka kila Ijumaa mpaka alipoolewa. Maneno hayo yote aliyapanga, akawa hana pa kuyapeleka. Alifanya alivyoelekezwa, kitambaa cha maji ya vuguvugu juu ya macho asubuhi na jioni, amelala chali, na chini ya kitambaa alikuwa anahesabu maharusi. Alifika mia mbili na kitu akaacha.

Jumapili nayo ilikuwa inakuja, na uongo ulikuwa tayari umeshajipanga wenyewe. Angeweza kusema macho yanamuuma, apake mwingine. Angeweza kusema wanja umekwisha. Hakuna ambaye angemuuliza, mgonjwa haulizwi. Lakini akisema apake mwingine, atapakwa Somo. Akisema umekwisha, kila nyumba pale mtaani ina kichupa chake.

Siku ikafika. Wanawake walijaa uani kwa Tajudini, maturubai yamefungwa, maulidi yamesomwa, pilau inanukia, na kwa ajili ya kumheshimu Miza wote walikuja wamejipaka, wadogo kwa wakubwa, jozi arobaini za macho meusi yaliyonyooka vizuri. Miza aliyatazama yote. Akakalishwa kwenye mkeka wa katikati na mtoto akawekwa mapajani mwake. Mama Tajudini, mwanamke wa kina Moosa, wale wa duka la zamani kule mtaa wa Wahindi, Quartier Asiatique, mtu wa heshima zake na sauti ya juu, alimletea kichupa na kijiti juu ya sinia lenye maua.

Miza hakushika. Mama Tajudini akangoja, akatabasamu, akasema kwa utani kwamba bibi anaona haya. Watu wakacheka. Miza bado hakushika. Akasema, kwa sauti ndogo, mtoto huyu hatapakwa.

Basi Mama Tajudini akafahamu kama alivyofahamu. Macho ya mwenzake ni mabovu, mkono unaogopa, maskini, na yeye hataki kumwaibisha mbele ya watu. Akapiga magoti kwenye mkeka, akachovya kijiti. "Leta mi nimupake, dada. Wewe umepaka wetu wote, leo tukusaidie."

Kijiti kikawa kinashuka. Miza akaweka kiganja chake juu ya uso wa mtoto, uso wote ukapotea chini yake.

"Wanja huu umeniharibu macho," alisema. "Umemuharibu na Ruqaya. Nimeona picha, ndani ya kope hakuna kitu. Ni mi niliupika, nikatia nta usitoke. Mutoto hapana."

Mahali fulani nyuma kijiko kilianguka kwenye sufuria. Mama Tajudini alibaki na kijiti mkononi, akimtazama Miza, kisha akamtazama mkwewe Ruqaya aliyekuwa amesimama mlangoni, na Ruqaya hakukanusha. Ndipo kutoka kwenye mstari wa mbele ikatoka sauti ya mwanamke kijana, mmoja wa maharusi wa mwaka uliopita, mimba ya miezi saba, na alikuwa hasemi kwa hasira, alikuwa anataka kujua.

"Na sisi, Mama Ruqaya?"

Miza alimtazama tumbo, kisha macho yaliyopakwa. Alikuwa amechoka jamani, alichoka mpaka kwenye mifupa, na angetoa chochote apate jibu lingine.

"Na nyinyi pia," alisema.

Sijui niwaelezeje kilichofuata, maana hakikuwa kelele. Wengine waliinuka kimya kimya kutafuta viatu. Wengine walishika vioo vya simu zao wakajitazama. Bibi mmoja alisema yeye ana miaka sabini na anaona mpaka Uvira ng'ambo ya ziwa, wamwache na wanja wake. Mama Tajudini aliweka kijiti kwenye sinia, akainama, akamwondoa mtoto mikononi mwa Miza. Hakumnyang'anya. Alimchukua kwa upole, jinsi unavyomchukua mtoto kwa mtu ambaye hutamwachia tena, na Miza akaachia vidole kimoja kimoja bila kubisha, kwa sababu kama angekuwa yeye angefanya hivyohivyo. Maji yakaanza kumshuka, na safari hii hata yeye hakujua ni ya aina gani.

Ruqaya akatoka mlangoni. Alipita katikati ya wanawake, akasimama mbele ya mama mkwe wake, akanyoosha mikono.

"Murudishie somo yake," alisema.

Mama Tajudini alisitasita, kisha akampa. Ruqaya akamrudisha mtoto mapajani mwa Miza, akamfunika miguu, akakaa palepale kwenye mkeka, bega lake limegusa la mama yake. Usoni hakumtazama. Sahani za pilau zikaanza kupitishwa, na waliobaki wakala.